Maswali ya Wasomaji: Hesabu za usugu wa malaria

SWALI: Ndugu Mhariri, niko maabara ya kituo cha afya mkoani Kagera. Badiliko la jeni R561H, linalovipa vimelea vya malaria usugu dhidi ya artemisinini (kundi la dawa ambalo ni nguzo ya dawa mseto za malaria), liliripotiwa Rwanda mwaka 2020 na sasa limeonekana huku kwetu. Watafiti hukisiaje kwa hesabu kasi ya kuenea kwake?

JIBU: Wanaanza kwa kuiweka asilimia kando. Asilimia hupanda taratibu mwanzoni, hukimbia katikati, kisha husuasua inapokaribia 100, hivyo ukiitazama yenyewe utadanganyika. Chukua idadi ya vimelea sugu, gawa kwa visivyo sugu. Katika modeli rahisi ya uteuzi asilia, uwiano huo huzidishwa kwa namba ileile kila mwaka, maadamu matumizi ya dawa hayajabadilika.

Tuseme leo sugu ni 1 kwa 99, na uwiano huongezeka maradufu kila mwaka (namba ya kufundishia tu, si ya Kagera). Mwaka wa kwanza asilimia 1 inakuwa 2, na hakuna anayeshtuka. Baada ya miaka 5 uwiano ni 32 kwa 99, yaani asilimia 24. Mwaka wa 7 ni 56. Mwaka wa 10 ni 91. Kasi haikubadilika hata mara moja.

Kazi ngumu iko kwenye ile asilimia 2. Ukipima sampuli 50, uwezekano wa kutokuta hata kimelea sugu kimoja ni 0.98 ikizidishwa yenyewe mara 50, yaani 0.36. Kwa hiyo zaidi ya mara moja katika tatu utaandika “hakuna usugu” na usugu upo. Ukitaka hatari hiyo ishuke hadi asilimia 5, andaa sampuli 150 hivi, tena kutoka vituo kadhaa, maana wagonjwa wa kijiji kimoja huweza kuwa wameambukizana kimelea kilekile.

SWALI: Nilisoma kwamba Malawi klorokwini ilianza kufanya kazi tena. Je, usugu hurudi nyuma? Na hilo nalo lina hesabu yake?

JIBU: Hesabu ni ileile, ila sasa inashuka. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993 ikahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini). Maambukizi yenye alama ya usugu kwenye jeni pfcrt yalikuwa asilimia 85 mwaka 1992, na 13 mwaka 2000. Geuza: 85 kwa 15 ni 5.67, na 13 kwa 87 ni 0.149. Gawa ya pili kwa ya kwanza, bonyeza kitufe cha ln (logi asilia) kwenye kikokotoo upate -3.64, kisha gawa kwa miaka 8: -0.45 kwa mwaka. Ukigawa 0.69, yaani ln ya 2, kwa 0.45 unapata 1.5: maana yake uwiano ulipungua kwa nusu kila mwaka mmoja na nusu hivi. Vimelea sugu havikujirekebisha. Visivyo sugu vilivyokuwa vimesalia ndivyo vilivyozaliana na kuwapiku, kwa kuwa bila dawa usugu ni mzigo. Dawa ikirudi mitaani, alama ya kutoa inageuka kuwa ya kujumlisha, kwa hiyo habari ya Malawi isichukuliwe kama ruhusa ya kumeza klorokwini.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Zile 85 na 13 zinahesabu maambukizi, si vimelea. Mtu mmoja huweza kubeba koo kadhaa za vimelea (yaani vimelea vya nasaba tofauti) kwa wakati mmoja. Kama sugu ni asilimia 20 ya koo zote na kila mgonjwa amebeba koo 3, wagonjwa wenye angalau ukoo mmoja sugu ni 1 kutoa 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani asilimia 49! Sasa gawa vyandarua, koo zipungue hadi 1 kwa mgonjwa: takwimu inaporomoka kutoka 49 hadi 20, na usugu wenyewe haujasogea. Ndiyo maana modeli nzuri hudai kwanza wastani wa koo kwa kila mgonjwa.

SWALI: Kwa nini basi tunapewa dawa mseto?

JIBU: Kwa sababu uwezekano huzidishana. Kama kimelea 1 katika bilioni kina usugu kwa dawa ya kwanza, na 1 katika bilioni kwa ya pili, chenye usugu kwa zote mbili ni 1 katika bilioni ya bilioni, wakati mgonjwa mahututi huweza kubeba takriban vimelea trilioni moja tu. Tatizo ni kwamba dawa hizi haziondoki mwilini pamoja. Ukimeza ALu, yaani mseto wa artemetha na lumefantrini, artemetha huisha kwa saa kadhaa, lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa ikipambana peke yake, na maambukizi mapya yakiingia kipindi hicho hukutana na dawa moja tu, tena iliyopungua nguvu. Usugu wa lumefantrini hupata mwanya hapo, hata kwa mgonjwa aliyemaliza dozi zote 6 na kuzimeza na chakula chenye mafuta kama alivyoagizwa.