Kabla hujamimina gunia kwenye hori la kondoo, uliza limetoka wapi

Wadogo zangu, juzi asubuhi nimeingia bandani nikakuta kijana wa wiki ya tatu kazini, mchapakazi kweli, anamimina gunia kwenye hori la kondoo huku anapiga mluzi. Nikamuuliza hiyo nini. Akanijibu kwa furaha, "Masalia ya stoo ya nguruwe kaka, nimeyafagia, hayana ukungu wala nini, nimeona yasipotee bure." Nilikimbia mbio ambazo sijakimbia mwaka mzima. Tukazoa kwa mikono huku kondoo wanatusukuma na vichwa, wanaona tumewaletea mchezo. Sikumgombeza sana maana kosa lile nalijua, nimelifanya, na bado linaniuma. Ila kila kundi jipya likija linarudia yaleyale na koo limenichoka, kwahiyo naandika.

Sitaeleza pumba ni nini wala mashudu ni nini, hayo mnayajua. Naandika yale ambayo mnajua alafu hamfanyi.

1. Ukibadilisha chakula, badilisha kwa siku 14 mpaka 21. Sio siku tatu. Vijidudu vya rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza la kondoo, vilivyozoea nyasi ukivimwagia wanga ghafla vinazalisha asidi mpaka vyenyewe vinakufa, na kondoo anafuata. Kondoo aliyevamia chenga za mahindi usiku unaweza ukamkuta asubuhi yuko sawa tu, dalili zinakuja kati ya saa 12 na 36: amesimama anasaga meno, tumbo ukilitikisa linacheza kama dumu lililojaa nusu, anahara maji yenye harufu ya uchachu. Ondoa nafaka, mpe nyasi kavu, piga simu kwa daktari saa hiyohiyo. Na tafadhali msiniambie "alikula kidogo tu", hamkuwepo wakati anakula.

2. Ulizia gunia limetoka wapi, na huko lilikotoka wanakula nini. Hapa mnisamehe nitakaa sana.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikabidhiwa majike 38 niwanenepeshe kipindi cha kiangazi, nyasi zimekwisha, mabua ndo hayo. Karibu yetu kulikuwa na mabanda ya kuku wa nyama, na samadi yao, ile ya maranda iliyochanganyika na kinyesi na chakula kilichomwagika, ilikuwa inatupwa tu. Nikakumbuka tulifundishwa kwamba samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi na vijidudu vya rumeni vinaweza kuigeuza kuwa protini. Ni kweli, vinaweza. Nikawa naikausha, naichekecha, natoa manyoya na mabaki yote kwa sababu nilijua mzoga wa kuku ukibaki mle unaleta botulizimu, sumu ya bakteria inayopoozesha mnyama, nachanganya na molasesi na mabua yaliyokatwakatwa. Yani nilijitahidi. Kondoo wakakubali vizuri, wiki ya sita migongo imejaa, watu wanapita wananiuliza unawapa nini, na mimi nawaeleza kwa kirefu.

Wiki ya kumi na moja ikafika siku ya dawa ya minyoo. Tukawafungia jioni bila chakula, asubuhi tukawakamata mmojammoja, kelele, jua, vumbi, kazi ya kawaida kabisa. Kesho yake jike mmoja, mwenye alama ya kukatwa kwenye sikio la kushoto, niliyemlea kwa chupa mwenyewe tangu anazaliwa, amejitenga kwenye kona kichwa chini. Nikamsogelea akakojoa mbele yangu. Mkojo ulikuwa rangi ya kahawa. Nikamfungua mdomo, fizi za njano. Sijawahi kuona fizi za njano vile.

Daktari akaja, mtu mzima, mpole. Swali la kwanza: "Kijana, unawalisha nini?" Nikamwambia mabua, molasesi na samadi kidogo ya kuku. Akauliza, "Tangu lini?" Na hapo ndo nikafanya kosa lenyewe, maana kulisha nililisha kwa kutokujua, ila hili nililifanya najua. Nikasema wiki mbili. Nilikuwa naogopa kufukuzwa, nikaona wiki mbili inasikika vizuri kuliko kumi na moja. Kwa wiki mbili daktari hakuwa na sababu ya kuishuku samadi, akaenda kwenye magonjwa ya kupe na mengine yanayovunja damu, akachoma sindano za huko. Kesho yake wamekufa wawili, yule wangu wa chupa akiwemo, na watatu wengine wameanza kukojoa kahawa.

Akampasua yule wa chupa pale pale chini, mimi nimeshika mguu. Ini limekuwa la njano inayoelekea chungwa. Figo zimekuwa nyeusi zina mng'ao wa bluu, kama chuma kilichopita motoni. Akaliangalia figo muda mrefu, akaliweka chini, akaniuliza bila kuinua sauti, "Sio wiki mbili, eti?" Nikamwambia ni wiki kumi na moja. Akauliza tena, "Na hao kuku walikuwa wanakula nini?" Sikujua. Wiki kumi na moja nabeba magunia toka kwenye lile banda na sikuwahi kuuliza.

Ilikuwa shaba. Chakula cha kuku na cha nguruwe kinaongezewa shaba, wao hawapati shida, nguruwe wengine wanapewa miligramu 100 mpaka 250 kwa kilo ya chakula ili wakue haraka. Sehemu kubwa inatoka na kinyesi. Kondoo yeye mahitaji yake ni kama miligramu 5 mpaka 10 kwa kilo ya chakula kikavu, na mwili wake ni mzito sana kuitoa shaba nje, anaiweka kwenye ini. Anaiweka tu, wiki baada ya wiki, anakula vizuri, ananenepa, huoni kitu. Alafu siku akipata msukosuko, safari, njaa ya usiku mmoja, kunyolewa, siku ya dawa, ini linaiachia yote kwa mkupuo kwenye damu, chembe nyekundu zinapasuka, figo zinaziba. Mbuzi anavumilia zaidi, ng'ombe anavumilia zaidi. Kondoo hapana.

Samadi niliiondoa siku hiyohiyo nikadhani yameisha. Hayakuisha, maana shaba ilikuwa imeshakaa ndani. Daktari akaleta dawa ya molibdeti na salfeti, chumvi zinazoishika shaba itoke mwilini, ya kuwanywesha kila siku kwa wiki kadhaa, na bado walikufa wengine, mmoja karibu mwezi mzima baadae, mnene, mzuri, asubuhi tu. Jumla tisa. Wawili kati yao nahesabu kwamba niliwaua na ile "wiki mbili", labda dawa ingewahi. Daktari hakusema hivyo, nasema mimi.

Kwahiyo ukiniona nakimbilia gunia la chakula cha nguruwe usishangae. Kondoo hali madini ya ng'ombe, hali chakula cha kuku, hali mafagio ya stoo ya nguruwe, na mashine iliyochanganya chakula cha nguruwe isafishwe kabla ya kuchanganya cha kondoo. Na daktari akikuuliza tangu lini, mwambie ukweli hata kama unatetemeka. Kufukuzwa sikufukuzwa.

3. Madume waliohasiwa na pumba. Pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, unataka kalsiamu iwe kama mara mbili ya fosforasi, kwahiyo weka chokaa ya mifugo, weka chumvi wanywe maji, la sivyo vinatengenezeka vijiwe vinaziba njia ya mkojo. Kuna kijana alikuja kuniambia dume amefunga choo, anajikamua toka asubuhi, ameshamnywesha mafuta. Hakuwa amefunga choo. Choo kilikuwepo tele nyuma yake, kilichokosekana ni mkojo, na nywele za kwenye govi zimeganda chembechembe kama mchanga. Dume akijikamua inama kwanza uangalie kama anakojoa, alafu ndo useme choo.

4. Mabua peke yake sio chakula. Protini asilimia 3 mpaka 6, wakati vijidudu vya rumeni vinataka kama 7 angalau ili vifanye kazi, ndo maana mnaona tumbo kubwa mgongo kama msumeno mnasema wameshiba. Changanya na majani makavu ya maharage au karanga, au mashudu, au mashina ya viazi vitamu. Kusindika kwa urea, ile mbolea ya naitrojeni: kilo 4 za urea, maji lita 50, mabua makavu kilo 100, funika hewa isiingie wiki 3, ukifungua yaache yapate hewa mpaka harufu kali ipungue ndo ulishe. Urea haitiwi kwenye maji ya kunywa, ni sumu. Narudia, haitiwi, na ndoo iliyokoroga urea haiachwi mahali kondoo anafika, kondoo mwenye kiu haulizi.

5. Haya ya harakaharaka. Machicha ya bia karibu robo tatu au zaidi ni maji, kwahiyo kilo 4 ni kama kilo moja tu ya chakula, na kwenye joto siku ya tatu yameshaharibika. Maganda ya muhogo yakaushwe juani vizuri kwanza kwa sababu ya sayanaidi, sumu iliyomo kwenye muhogo. Mashudu ya pamba ni kwa wakubwa, vitoto ambavyo rumeni haijakomaa gosipoli, sumu ya mbegu za pamba, inaviumiza. Ukungu hautolewi kwa kukata kipande chenye rangi, sumu inakuwa imeshaenda kusikoonekana, gunia zima linatupwa, na usiende kuwapa kuku ukadhani umeokoa kitu. Nafasi kwenye hori itoshe wote wale kwa pamoja, wababe wakila mara mbili mnarudi kwenye namba moja.

Lile gunia la juzi limerudi kwa nguruwe. Kondoo waliowahi kudokoa hawana shida, mdomo mmoja hauui, ila kijana mwenyewe ameamua kuwaangalia mkojo asubuhi na jioni, anainama kabisa na tochi, sijamwambia aache. Jana ameshusha gunia la mashudu ya alizeti mlangoni, hajalifungua, amekaa juu yake ananisubiri. Nilipofika akaanza mwenyewe: limetoka wapi, limekaa siku ngapi, chini kulikuwa na mbao, gari lililolileta lilibeba nini kabla. Hilo la gari hata mimi nilikuwa sijalifikiria.