Barua yasema miezi mitatu, viza yasema siku 90: tiketi ninunue lini?

SWALI

Assalamu aleikum. Mimi ni kijana wa Likoni. Kwa muda nimekuwa nikijitolea na kikundi cha kulinda kasa huku Pwani Kusini: kuzungushia viota ua, kupiga doria usiku, kuhesabu mayai. Sasa nimekubaliwa kwenda kujitolea kwenye mradi wa kasa kisiwani Zakynthos, Ugiriki, na barua yao ya mwaliko yasema kuanzia tarehe 1 Julai hadi 30 Septemba. Malazi na chakula ni juu yao. Nauli ni juu yangu, na jamaa zangu wameanza kunichangia. Kuna mtu amenitumia nauli rahisi kwa WhatsApp, ya kupitia London, na anataka nilipe wiki hii. Ubalozi nao wanataka kuona bukingi ya ndege. Je, nilipe sasa? Na nikipanda treni hadi Nairobi nikachukulie ndege huko, si nitaokoa pesa?

JIBU

Waaleikumu salaam, ndugu yangu, na hongera. Usilipe wiki hii, hata kama nauli hiyo ni ya kweli. Kabla ya tiketi kuna barua ya mwaliko, na barua yako ina siku mbili za ziada ambazo zinaweza kukunyima viza, au kukutia matatani siku ya kurudi.

Hesabu nami. Julai ina siku 31, Agosti 31, Septemba 30. Jumla 92. Ugiriki imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza fupi ya aina moja, na viza fupi ya Schengen haivuki siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Siku ya kuingia inahesabiwa nzima, na siku ya kutoka inahesabiwa nzima, hata kama uliingia saa tano usiku au ulitoka alfajiri. Mimi ni ajenti wa safari, na barua za namna hii huletwa ofisini kwangu mara kwa mara. Mwenyeji huandika kwa nia njema kabisa, akifikiria miezi, na sheria inataka siku. Afisa wa viza akiona 92 anaweza kukukatalia, au akakupa siku 90 na tiketi yako ya 30 Septemba ikawa haikufai tena. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuandikisha wageni kwa mfumo wa kielektroniki badala ya kugonga mihuri, kwa hiyo usitegemee kwamba afisa wa mpakani atachoka kuhesabu. Siku zikizidi, jina lako linaonekana, na ombi lako lijalo la viza litaulizwa maswali.

Dawa yake ni rahisi ukiianza mapema. Mwandikie mwenyeji umwulize apunguze upande gani. Kazi unaijua kuliko mimi: Zakynthos kasa hutaga zaidi kati ya Juni na Agosti, na watoto huendelea kutoka mchangani hadi Oktoba. Kama wanakuhitaji zaidi mwisho wa msimu, ingia tarehe 3 Julai utoke 30 Septemba, hizo ni 90 kamili. Mimi ningekuombea uingie tarehe 5 Julai, ili zikae 88. Zile mbili ni akiba ya siku ambayo ndege itafutwa au feri itashindwa kuvuka kwa upepo. Barua mpya iseme tarehe zenyewe, iseme wazi kwamba hulipwi mshahara, na itaje nani anagharamia malazi na chakula. Kama mradi utasisitiza zaidi ya siku 90, basi hiyo ni viza ya kitaifa, ile ya aina D, yenye masharti yake na muda wake wa kusubiri. Usiende na viza fupi ukitumaini kuirefusha ukiwa huko.

Papo hapo nikueleze jambo ambalo huwachanganya hata wasafiri wakongwe. Viza ikishabandikwa kwenye pasipoti, utaona tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho, na kando yake idadi ya siku. Hivyo ni vitu viwili. Kwa kawaida kipindi cha viza huongezwa siku 15 za nafasi, kwa hiyo unaweza kukuta imeandikwa kuanzia 5 Julai hadi 15 Oktoba, na siku zikawa 88. Hiyo haikupi ruhusa ya kukaa hadi katikati ya Oktoba. Siku 88 zikiisha, umemaliza. Angalia pia idadi ya kuingia. Ikiwa ni mara moja, na ukatoka nje ya eneo la Schengen kwa matembezi ya siku mbili Istanbul, hurudi tena Ugiriki.

Sasa tuje kwenye bukingi, maana hapa ndipo watu wengi wa kwetu hupoteza pesa. Ubalozi hauombi tiketi iliyolipiwa. Unaomba kuona mpango wa safari ya kwenda na kurudi, yaani nafasi iliyoshikwa kwa jina lako. Ajenti akikushikia nafasi, unapata nambari ya bukingi ya herufi na tarakimu sita. Nafasi hiyo ina muda wake wa kulipiwa, na muda ukipita inajifuta yenyewe. Tiketi ni kitu kingine: ina nambari ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika la ndege. Kenya Airways ni 706, Ethiopian Airlines ni 071, Turkish Airlines ni 235. Mtu akikuambia "nimeshakukatia" akakuonyesha zile sita peke yake, hajakata kitu, na kama umemlipa pesa zote basi pesa ziko naye. Ingia kwenye tovuti ya shirika la ndege wewe mwenyewe, weka zile sita pamoja na jina lako la ukoo, uone safari yako na uone nambari ya tiketi. Fanya hivyo kwa bukingi ya kupeleka ubalozini vilevile, kwa sababu kuna wanaouza karatasi zilizochapwa tu. Ubalozi ukigundua karatasi ya kughushi, ombi hukataliwa, na doa hilo hubaki kwenye faili lako.

Huyo mtu wa WhatsApp simjui, kwa hiyo simhukumu. Mwulize leseni yake kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na kama ni mwanachama wa KATA, chama cha mawakala wa safari nchini. Lipa kwa akaunti au nambari ya malipo yenye jina la biashara, usitume kwenye simu ya mtu. Pesa za mchango zina wenyewe wengi, na kila mmoja wao anastahili risiti.

Lakini hata akiwa mkweli, njia ya London siitaki kwako. Mwenye pasipoti ya Kenya huhitaji viza ya Uingereza ya kupitia tu, hata kama hatoki nje ya uwanja, ila akiwa na hati fulani zinazomsamehe, na viza fupi ya Schengen si mojawapo. Maana yake ni ombi jingine, ada nyingine na kusubiri kwingine, na usipokuwa nayo utazuiwa kaunta ya hapa nyumbani kabla hujaiona hiyo ndege. Nauli za namna hii huonekana rahisi kwa sababu gharama hiyo haimo. Wewe una njia nzuri kutoka uwanja wetu wa ndege wa Moi, hapa Mombasa: Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa, au Turkish Airlines kupitia Istanbul. Ukibaki ndani ya uwanja ukingoja ndege ya pili, huhitaji viza ya kupitia katika miji hiyo miwili.

Kuhusu treni, nakuomba unisome vizuri. Madaraka Express ni safari nzuri na stesheni yake ya Syokimau haiko mbali na uwanja wa Jomo Kenyatta. Ukitaka kuanzia safari Nairobi, nunua tiketi inayoanzia Nairobi. Kosa ni kununua tiketi ya Mombasa hadi Athens kupitia Nairobi, kisha kuacha kipande cha kwanza kwa sababu umepata nafasi ya treni pamoja na binamu zako wanaokusindikiza. Shirika likiona hukupanda Mombasa, linafuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na kurudi. Utafika Nairobi na mabegi yako na jina halimo. Linganisha basi gharama nzima, si nauli peke yake: treni, gari la kutoka Syokimau, chakula, pengine kulala. Mara nyingi tofauti inakuwa ndogo mno kwa usumbufu huo. Treni itumie kwenda kutoa alama za vidole, kwa sababu ni lazima ufike Nairobi mwenyewe kama hujawahi kuomba viza ya Schengen.

Ombi la viza hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila linaweza kuvutwa hadi 45. Kwa safari ya Julai, mlango unafunguka Januari. Nafasi za miadi huwa haba kadiri likizo za Ulaya zinavyokaribia, kwa hiyo usingoje Mei. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ugiriki, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000, ifanye kazi eneo lote la Schengen, na ianze siku unayotua, si siku ya kesho yake. Soma masharti ya bima kwa makini: kazi yako ni ya ufukweni usiku, wala si utalii wa hotelini, na bima nyingine huwaacha nje watu wanaofanya kazi za mikono.

Viza ikitoka, ndipo unanunua tiketi, na usiitafute ile ya chini kuliko zote. Mtu wa kujitolea tarehe zake huhama: mradi unaweza kukuomba uongeze au upunguze siku. Kabla ya kulipa, niulize mimi au ajenti yeyote maswali haya matatu, na utake majibu kwa maandishi. Kubadilisha tarehe ni kiasi gani, ukiacha tofauti ya nauli? Nikighairi narudishiwa nini? Na mabegi ni mangapi, kilo ngapi? Nauli iliyo juu kidogo lakini inayobadilika bila adhabu kubwa mara nyingi ndiyo itakayokuokoa.

Watu wa Mombasa tunaijua nauli ya baharia: kijana anaenda kuungana na meli, anapewa mzigo zaidi na ruhusa ya kubadilisha tarehe kwa urahisi, kwa sababu meli haina ratiba ya uhakika. Baadhi ya mashirika ya ndege yana nauli kama hizo kwa wafanyakazi wa misaada na wa kujitolea. Hazionekani kwenye tovuti za kawaida. Hutolewa na ajenti aliye na mkataba nazo, na hutaka barua ya shirika linalokualika. Hii ni sababu nyingine ya kutaka barua yako iwe imenyooka kwanza. Uliza waziwazi kama zipo kwa njia yako. Kuna wakati hazipo, na kuna wakati ile ya kawaida ni nafuu zaidi.

Kipande cha mwisho, kutoka Athens hadi kisiwani, wengi hukinunua kando. Ukikinunua kando, ujue kwamba ndege ya kutoka huku ikichelewa, shirika la pili halina deni kwako. Kwa hiyo ukichagua ndege ya ndani, ambayo ni kama saa moja, iombe iingie kwenye tiketi ileile moja pale inapowezekana, na mizigo iende moja kwa moja. Isipowezekana, usijibane na saa mbili za katikati. Lala Athens usiku mmoja, au panda basi kutoka stesheni ya Kifissos hadi bandari ya Kyllini, uvuke kwa feri. Njia ya basi na feri haikutaki ununue siku nyingi mbele kama ndege, na mimi ndiyo ninayoipendelea kwa mtu anayefika mara ya kwanza. Ukitua Athens, barua ya mwaliko, bima na tiketi ya kurudi viwe kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu afisa wa mpakani ana haki ya kuviona, na begi lako kubwa bado litakuwa mbali.

Siku ya kuondoka, usiipangie safari yako juu ya kivuko cha Likoni saa za msongamano. Kwa kuwa uko upande wa kusini, mwambie dereva apite barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji kivuko.

Leo hii fanya jambo moja: mwandikie mwenyeji wako kuhusu zile siku 92. Akikujibu na tarehe mpya, nitumie barua nikushikie nafasi yenye kurudi ndani yake, na tutafute siku ya miadi Nairobi kwa pamoja. Ile pesa ya mchango iache ilipo mpaka uwe na viza mkononi.