Gustar siyo "kupenda", ni "kupendeza"

Mkuu, umeuliza kwa nini mwalimu wako wa Kihispania anaikata "yo gusto café" (ulitaka kusema napenda kahawa) kila ukiiandika, wakati kamusi inasema gustar ni kupenda. Kamusi imekuponza. Mimi naongoza watalii hapa Arusha, Kihispania nimekiokota kazini, na kisiki hicho kilinikwaza miezi mingi.

Chukua gustar kuwa ni kupendeza. Kiswahili tayari kinafanya hivyo: "me gusta el café", kahawa inanipendeza. Vikiwa vingi kitenzi kinageuka, "me gustan los leones", simba wananipendeza. Hiyo "me" ndiyo -ni- yetu. Te ni -ku-, le ni -m-, nos ni -tu-, les ni -wa-. Siku nilipoliona hilo nilitupa majedwali niliyokuwa nakariri. Kinachotusumbua sisi ni hiyo "el", kineno kinachotangulia "café". Hatuna kitu kama hicho, basi tunaimeza. Usiimeze.

Mtu akikwambia "me gusta el café" nawe unaipenda, jibu "a mí también", siyo "yo también". Akisema "no me gusta" nawe huipendi: "a mí tampoco".

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Kuna mama mmoja, mcheshi kweli, nilimzungusha Serengeti na mumewe siku nne. Wakati wa kuagana nikataka kumwambia nimemwona mtu mzuri, nikatoa "usted me gusta mucho". Mume akanigeukia. Mama alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Kumbe ukimwambia mtu hivyo anaelewa umemzimikia! Nilitakiwa kusema "me cae muy bien". (Tipu nilipata, tena nono, nadhani kwa ajili ya kicheko.)

Ukipenda kitu mno, sema "me encanta" na uishie hapo. "Mucho" usiiongeze, encanta imeshajaa yenyewe. Kwa usichokipenda, "odio" ni neno zito, ni kuchukia hasa, usilitoe mezani kwa sababu ya bamia. Umeandaliwa chakula na kimekushinda? "No me gusta mucho" inatosha, hakuna atakayenuna. "No me gusta nada", yaani hakinipendezi hata chembe, iweke kwa watu mliozoeana.

Andika sentensi tano za vyakula vyako uzilete hapa, tutasahihishana.