Uzamili Haufuti Alama za Zamani

Swali la wiki iliyopita liliuliza iwapo mtu aliyemaliza shahada ya kwanza nchini Marekani kwa alama zisizoridhisha anaweza kuitumia shahada ya uzamili kujiongezea nafasi ya kuingia chuo cha udaktari wa tiba. Jibu langu ni kwamba anaweza, lakini kwanza ajue uzamili huo unatibu ugonjwa gani. Wengi niliosoma nao, nami nikiwa mmojawapo, tuliingia tukiamini kwamba mwaka mmoja wa alama nzuri ungezifunika zile tulizozipata tulipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Hauzifuniki. Vyuo vingi vya Marekani vinavyotoa MD, yaani shahada ya udaktari wa tiba, hupokea maombi kupitia mfumo wa pamoja uitwao AMCAS, na mfumo huo huandika wastani wa alama za shahada ya kwanza mahali pake na wastani wa uzamili mahali pengine, bila kuvichanganya. Mimi nilihitimu nikiwa na krediti 120 na wastani wa 2.9 kati ya 4.0. Kama ningesoma krediti 30 zaidi za ngazi ya shahada ya kwanza na kupata A katika kila somo, wastani wangu ungepanda hadi 3.12, kwa kuwa masomo ya ngazi hiyo hujumlishwa na ya awali hata yakisomwa baada ya mtu kuhitimu. Krediti 30 hizo hizo zikisomwa katika uzamili, 2.9 hubaki 2.9. Hesabu hii niliifanya nyuma ya bahasha iliyoniletea barua ya kukubaliwa katika programu, baada ya kwisha kulipa amana ya kushika nafasi, na nilikaa kitambo nikiitazama. Waliodahiliwa mwaka 2023 katika vyuo vya MD, takriban 23,000 kati ya waombaji zaidi ya 52,000, walikuwa na wastani wa karibu 3.8.

Kwa nini basi watu huusoma? Kwa sababu kamati ya udahili, ikiona alama hafifu, hujiuliza swali jingine lililo zito kuliko wastani wenyewe: je, huyu ataumudu mwaka wa kwanza wa udaktari? Uzamili maalumu uliobuniwa kwa ajili ya waombaji wa aina yetu hujibu swali hilo waziwazi. Chuo Kikuu cha Georgetown kimeendesha programu ya namna hiyo tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu cha Boston nacho kina yake. Kwa kawaida huchukua mwaka mmoja au miwili, na katika baadhi yake mwanafunzi huketi darasani pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari na kupimwa kwa kipimo kile kile.

Katika programu yangu matokeo yalitolewa kwa namba za siri, yakiwa na mstari mwekundu ulioonyesha wastani wa wanafunzi wa udaktari. Mtihani wa kwanza wa fiziolojia ya moyo nilipata 71, na mstari ule ulikuwa kwenye 83. Nilikuwa nimesoma kama nilivyozoea, yaani kwa kunakili mihadhara kwa kalamu za rangi. Baada ya hapo niliacha kunakili, nikawa kila jioni najichorea upya kwenye karatasi tupu mzunguko mzima wa moyo, shinikizo, ujazo na sauti za vali, bila kuangalia daftari, hadi nikaweza kumweleza mwenzangu bila kukwama. Mtihani wa pili nilivuka mstari. Mkurugenzi wa programu aliyataja mabadiliko hayo katika barua yake, na katika usaili wa chuo kilichonipokea, swali pekee nililoulizwa kuhusu alama lilikuwa ni nini nilichokibadilisha kati ya mtihani ule wa kwanza na wa pili.

Uzamili wa kawaida, kwa mfano wa afya ya jamii, ni jambo jingine. Una thamani yake kwa anayeipenda kazi hiyo, lakini kamati zinajua kwamba katika programu nyingi za uzamili A hutolewa kwa wepesi, na kwa hiyo A hizo hazithibitishi mengi. Kuusoma kwa lengo la kupamba maombi tu ni kupoteza muda na fedha. Wala uzamili hauponyi matokeo mabaya ya MCAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya udaktari: mtihani huo, wenye alama kuanzia 472 hadi 528, unataka maandalizi yake wenyewe, na ningemshauri mtu aumalize kabla ya programu kuanza.

Hatari kubwa ni kufanya vibaya. Mwenye 2.9 ya zamani anaweza kueleza kwamba alikuwa mdogo, au alikuwa akifanya kazi usiku, na akasikilizwa. Mwenye C katika uzamili maalumu amejijibia lile swali la kamati, na sijui maelezo yatakayolibatilisha jibu hilo. Programu hizi huanza Agosti ilhali maombi hutumwa kuanzia mwisho wa Mei au mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo anayeomba kabla ya kuanza huwa hana hata gredi moja mpya ya kuonyesha wakati faili lake linapofunguliwa. Nami nilifanya hivyo, nikakosa, nikaomba tena mwaka uliofuata.

Kuhusu fedha, kuanzia tarehe 1 Julai 2026 wakopaji wapya hawapati tena mkopo wa serikali wa Grad PLUS, na kikomo cha mkopo wa kawaida kwa mwanafunzi wa uzamili ni dola 20,500 kwa mwaka, kiasi ambacho kwa programu nyingi hakitoshi ada na kodi ya nyumba kwa pamoja. Aliyeko Marekani kwa viza ya mwanafunzi hapati hata huo, na vyuo vingi vya MD havimpokei kabisa. Huyo achunguze orodha ya vyuo vinavyompokea kabla ya kufikiria uzamili wowote.

Mwisho, kabla ya kulipa amana, omba kwa maandishi idadi ya walioanza programu Agosti ya mwaka fulani, na wangapi kati ya hao hao walikuwa chuo cha udaktari miaka miwili baadaye. Usikubali takwimu za waliohitimu tu, maana walioshindwa njiani hawamo. Ofisi niliyoiuliza mimi ilinijibu kwa kunitumia kijitabu chenye picha za vijana waliovaa makoti meupe.