Sanduku la mganga wa zahanati lipelekwe wapi?

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Marehemu baba alikuwa mganga wa zahanati huku Ukerewe tangu miaka ya 1970. Ameacha sanduku la bati lenye mabomba ya sindano ya kioo, sufuria ya kuchemshia, hadubini, kipimajoto cha zebaki na daftari za wagonjwa. Kaka anataka kuuza vyote kwa watu wa skrepa. Kuna makumbusho yatakayovipokea?
Binti wa Nansio

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie kaka asubiri. Kwa hela ya skrepa hatanunua hata sangara wa maana.

Anza na Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma, aliyoyaanzisha Padri David Clement wa Kanada, tayari yana nyumba ya mganga wa jadi. Hata ngoma za Wagika na Wagalu, vile vikundi viwili vya Kisukuma vinavyoshindana kucheza, asili yake ni ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha. Natamani bomba la baba yako likae jirani na vibuyu vya mganga wa jadi, maana wagonjwa wetu walipita kote kuwili: asubuhi zahanati, jioni kwa mganga wa jadi, na sisi manesi tukijifanya hatujui. Bujora wakikosa nafasi, waandikie Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Ila usipeleke vyuma vitupu. Kaa na mama, au mhudumu aliyefanya kazi na mzee, uandike: nani alichemsha sindano, kwa jiko gani, ncha ikibutuka ilinolewa wapi. Hadubini ilitazama nini? Kwa watu wa ziwani, bila shaka mayai ya kichocho kwenye kinyesi cha watoto. Uliza pia mabomba yaliachwa lini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Baadaye nakumbuka watu wakija na sindano mpya mfukoni, hawataki hata kuiona sufuria yetu. Na tafadhali, usivisugue kwa majivu ving'ae.

Kipimajoto kiviringishe kitambaa, kikae peke yake. Kikivunjika, toa watoto, fungua madirisha, wala usifagie: kusanya matone kwa karatasi ngumu, tia kwenye chupa yenye kifuniko, mpelekee afisa afya.

Daftari ndizo zinazonitia wasiwasi. Kisiwani mnajuana, mjukuu atasoma kaswende ya babu yake. Usizipige picha, usimwazime mtu. Mkabidhi mganga mkuu wa wilaya, akuandikie hati ya kupokea.