Karata Kuukuu au Karata Mpya?

SWALI: Mhariri, hujambo? Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi hapa Kisumu. Ninataka kuwatengenezea wanafunzi mchezo wa karata 48, kila karata ikiwa na neno moja, ili waoanishe umoja na wingi. Nyumbani nina pakiti tatu za karata za kawaida, mbili zenye mgongo mwekundu na moja ya buluu, na kila pakiti imepoteza karata nne au tano. Je, nibandike maneno yangu juu ya hizo, au nichapishe mpya mjini?
Mwalimu, Kondele

JIBU: Hatujambo, Mwalimu. Anza na hizo kuukuu. Pakiti kamili huwa na karata 52 na jokari mbili, yaani 54, kwa hiyo hata ile iliyopoteza tano ingali na 49, nazo zinakutosha. Usichanganye pakiti, hata hizo mbili nyekundu, kwa sababu wekundu wa pakiti moja haufifii sawasawa na wa nyingine, na watoto hawachelewi kugundua mambo kama hayo. Zamani karata nyingi za Ulaya zilikuwa nyeupe tupu mgongoni, na doa dogo tu lilitosha kuifichua karata iliyo mkononi mwa mtu. Marembo ya mgongoni husaidia kuficha madoa ya namna hiyo. Basi zipange zote kifudifudi mezani kwanza, uondoe zilizokunjika pembe. Zikipungua 48, ni heri uache jozi moja au mbili za maneno kuliko kuazima karata kutoka pakiti nyingine.

Sababu yangu ya kuzipendelea haionekani usoni mwa karata. Chukua mojawapo ya zilizoharibika, uichane polepole na kuutazama ukingo wake: mara nyingi utakuta tabaka mbili za karatasi zilizoshikanishwa kwa gundi nyeusi au ya kijivu, na gundi hiyo ndiyo inayozuia mwanga kupenya mtoto anapoinua karata yake mbele ya dirisha. Manila ya dukani haina kinga hiyo, tena ikikunjwa hubaki na alama, ilhali karata ya kiwandani ikipindwa kidogo hujinyoosha yenyewe.

Tatizo la karata kuukuu ni kwamba uso wake umepakwa vanishi, na gundi haishiki vizuri juu yake. Usugue kidogo kwa msasa laini, ufute vumbi, kisha ubandike karatasi ya stika. Gundi ya maji na uji wa unga wa ngano sivishauri kabisa, maana karatasi ikilowa upande mmoja tu, ikikauka hupinda kama kigae. Ikate stika iwe ndogo kuliko karata kwa milimita moja hadi mbili kila upande, la sivyo kingo zitaanza kubanduka watoto wanapochanganya karata. Pima kwanza, kwani kuna karata zenye upana wa milimita 63 na nyingine nyembamba zenye 57 hivi. Na kama pakiti mojawapo ni ya plastiki tupu, iache. Hiyo haifai kusuguliwa.

Kwa njia hii utapata seti tatu. Ukihitaji seti kumi kwa darasa zima, basi kuchapisha kunakuwa na maana. Karatasi ya A4 hubeba karata tisa za milimita 63 kwa 88, kwa hiyo karata 48 zitachukua karatasi sita na kubakiza nafasi sita, ambazo unaweza kuziandika kanuni za mchezo au kuziacha tupu ziwe akiba ya karata zitakazopotea. Omba manila nzito kadiri printa yao inavyoweza kupitisha, na uchague printa ya tona badala ya ile ya wino wa majimaji, kwani wino huo huchujuka kwa jasho la vidole. Mgongoni weka marembo yanayojaa ukurasa mzima bila fremu: printa inapochapa pande mbili mara nyingi hukosea kwa milimita moja au mbili, na fremu ndiyo inayoanika kosa hilo. Pembe zilizochongoka zipunguze kwa kikata kucha.

Mwenye duka huenda akakushawishi uzipitishe kwenye laminesheni. Plastiki ya maikroni 125 pande zote mbili huongeza robo milimita kwa kila karata, yaani milimita 12 kwa seti yako nzima, na vidole vya mtoto wa miaka kumi havitaweza kuichanganya. Afadhali uchapishe seti moja ya ziada kwa fedha hizo.