Zawadi za kudarizi kwa mkono: anza na kitu kidogo umalize

Watu wengi wakiona hankachifu iliyodariziwa vizuri wanasema aah mimi siwezi, mkono wangu mzito, halafu ukiwauliza walishawahi kujaribu nini unakuta walianza na kitambaa cha meza, maua pande zote nne, na mpaka leo kiko chini ya kabati na sindano imechomekwa hapohapo. Sasa hapo tatizo si mkono, ni kwamba mtu kaanzia mahali ambapo hata mzoefu anajifikiria mara mbili. Mi natoa zawadi za kudarizi muda mrefu sasa, harusi, mtoto kazaliwa, mtu anahama kazi, na nikiangalia zipi bado zinatumika karibu zote ni vitu vidogo tu, foronya, taulo ya mkono, kimfuko cha miwani. Zile picha kubwa za kutundika ukutani watu wanashukuru sana siku ya kwanza, baada ya hapo ukienda kwao huzioni tena na unaona aibu kuuliza.

Kwa hiyo mimi siku hizi naanza na swali moja, huyu mtu anashika nini kila siku? Kama ni foronya basi nanunua foronya ya pamba isiyo na maua, imeshonwa tayari, nadarizi kona moja tu. Hakuna aliyesema lazima na foronya uishone mwenyewe. Kona moja ukiifanya vizuri inapendeza kuliko foronya nzima uliyoichoka katikati ukaanza kurusha mishono.

Na usipojua uchore nini, weka herufi ya jina lake. Haijawahi kuniangusha. Elizabeth yule aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, alipokuwa na miaka 11 alimpa mama yake wa kambo Katherine Parr kitabu alichokitafsiri mwenyewe kama zawadi ya mwaka mpya wa 1545, na jalada lake limedariziwa herufi K na P katikati na maua kwenye kona, inaaminika alilidarizi kwa mkono wake, na kitabu kipo mpaka leo Oxford. (Huyohuyo Elizabeth mwaka 1574 akaja kupewa sketi iliyodariziwa na binamu yake Mary wa Scotland, ambaye Elizabeth mwenyewe alikuwa amemfungia. Sketi aliipokea, Mary hakuachiwa, mwisho wake 1587 akakatwa kichwa. Zawadi ya mkono ina mipaka yake jamani.)

Haya, uzi. Ule uzi wa pamba wa kudarizi unaouzwa kwa vifungu vidogo, ukiutazama vizuri si uzi mmoja, ni nyuzi sita zimelazwa pamoja, na hapa ndipo kazi ya wengi inapoharibika kwa sababu wanazitumia zote sita wanapata mishono minene kama kamba za viatu. Kata urefu wa kama sentimeta 45, ukizidisha hapo uzi unasuguka kwenye kitambaa unaota manyoya na kujifunga mafundo. Shika ncha kwa vidole viwili, vuta uzi mmoja peke yake kwenda juu, zile zingine zitajikunja chini ya vidole vyako utadhani zimeharibika ila ukizinyoosha zinarudi sawa. Vuta wa pili hivyohivyo, halafu ndio uziweke mbili pamoja na kuzitunga kwenye sindano. Usivute mbili kwa mpigo, zitasokotana. Najua inaonekana ni kupoteza muda lakini nyuzi zilizotenganishwa moja moja zinalala bapa na kung'aa, tofauti utaiona kwenye jani la kwanza tu. Mbili zinatosha kwa herufi na maua madogo, tatu ukitaka mstari unene kidogo.

Sindano chukua yenye tundu refu na ncha kali, na ukumbuke namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, kwa nyuzi mbili namba 7 au 8 iko poa. Fremu ya duara nunua ndogo inayoenea mkononi, kaza kitambaa mpaka ukikigonga kinalia, na ukimaliza kwa siku hiyo kitoe, usikiache humo wiki nzima kitaweka duara ambalo hata pasi inalihangaikia. Ile karatasi ya namba kwenye kifungu cha uzi usiitupe hata siku moja, uzi ukiisha katikati ya ua utaihitaji, maana nyekundu ziko nyingi na kwa macho zote zinafanana mpaka uziweke pamoja juu ya kitambaa.

Mishono wala usijaze kichwa. Kuna bandi, ile ya kuingia na kutoka ambayo kila mtu anaijua, kuna wa kurudi nyuma ambapo kila mshono unarudi kugusa mwisho wa uliotangulia, huo ndio wa herufi, kuna mnyororo, ule wa vipete vinavyoshikana kimoja baada ya kingine, na ukishajua mnyororo umeshapata ua, kwa sababu petali ni kipete kimoja cha mnyororo kilichobanwa juu na mshono mdogo. Petali tano, fundo la njano katikati, majani mawili, basi zawadi imekamilika. Ule wa kujaza wa nyuzi zinazolala sambamba ni mzuri ila kwenye eneo dogo tu, ukiutumia pana nyuzi zinanasa kwenye kucha na pete.

Kama kuchora kunakushinda kabisa nenda kwenye mishono ya msalaba, unahesabu vijumba tu. Kitambaa chake kinachotumika sana kina vijumba 14 kwa inchi, kwa hiyo herufi ya vijumba 7 kwenda juu itakuwa nusu inchi, yaani sentimeta 1.27. Piga hesabu ya jina zima kabla hujakata kitambaa, na uanzie katikati sio pembeni. Sindano ya huku iwe butu. Na miguu ya juu ya misalaba yote ilale upande mmoja, ikichanganyika jina linaonekana na mabaka hata kama mtu hajui ni kwa nini.

Kuhamisha mchoro, bandika karatasi kwenye dirisha mchana, kitambaa juu yake, fuatisha kwa kalamu inayotoka kwa maji. Zile kalamu zinazofutika kwa joto la pasi mimi sizipendi kwenye zawadi, mstari unaweza kurudi kitambaa kikikaa kwenye baridi kali, fikiria zawadi imesafirishwa inafika na mistari yako yote ya kalamu imerudi. Kwenye kalamu ya maji pia suuza kwanza ndio upige pasi, ukitanguliza pasi wino unaganda.

Kabla ya yote fua kitambaa, pamba inarudi ikifuliwa mara ya kwanza na ikirudi baada ya kudarizi ua linajikunyata. Uzi mwekundu na wa bluu iliyokoza ujaribu, lowesha kipande ukibane kwenye kitambaa cheupe uone kama unatoa rangi. Tisheti inavutika kwa hiyo weka nyuma kitambaa kigumu kama kile mafundi wanachoweka kwenye kola.

Vya watoto wachanga hapo niko mkali. Hakuna vifungo, hakuna shanga, hakuna utepe mrefu, wanaweka kila kitu mdomoni. Na upande wa nyuma wa kazi unakwaruza ngozi, kwa hiyo ufunike kwa kipande laini cha pamba. Hata kwa watu wazima nyuma usiache nyuzi ndefu zinazoruka kutoka ua hadi ua, kwenye taulo vidole vitanasa. Ila habari za kwamba nyuma lazima pafanane na mbele, hizo achana nazo kabisa.

Ukimaliza piga pasi kwa upande wa nyuma, kazi imelala juu ya taulo nene ili mishono isibonyee, na kwenye zawadi weka kikaratasi, fua kwa maji baridi, usitumie dawa ya kung'arisha. Halafu ujiandae, maana ukishampa mmoja wengine wataanza mbona mimi hujanitengenezea, na wengi wanadhani ni kazi ya jioni moja. Mi nawajibu lete foronya yako, hapo nusu yao wanapotea.